Kujenga banda la wageni kwenye shamba la kilimo hai, Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mkulima, kikundi au fundi anayetaka kupokea wageni kwenye shamba ambalo bado linazalisha: mikorosho, ufuta, mihogo, mbaazi, bustani. Hatuzungumzii hoteli yenye bustani ya mapambo. Ili hesabu zishikane tumechukua mfano mmoja tu, banda la wageni 24 wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni. Ukitegemea wageni 12, gawa eneo la kukaa na maji ya matumizi kwa mbili.

Banda likae sehemu gani ya shamba?

Pale kazi inapofanyika. Wengi huchagua kilima chenye upepo na bahari kwa mbali, wanajenga, kisha wanagundua kwamba wageni wanatazama bahari na shamba liko nyuma ya migongo yao. Bahari wataiona Mikindani au Kilwa. Kwako wamefuata shamba.

Anza na uwanja wa kuanikia. Huo ndio moyo wa shamba la Kusini: Juni na Julai unapokea ufuta, baadaye mbaazi, na kuanzia Oktoba korosho. Korosho ghafi zikitandazwa kwa kina cha sentimita 5, mita 1 ya mraba inabeba kama kilo 28 hadi 30, kwa hiyo kilo 500 zinataka mita za mraba 17 au 18. Ongeza nafasi ya kupita na kugeuza, utapata uwanja wa mita 6 kwa 6. Banda likae ukingoni mwa uwanja huo, karibu kiasi cha mtu aliyeketi kusikia gunia likimwagwa.

Halafu angalia upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Oktoba. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Pepo zote mbili zina upande wa mashariki ndani yake. Maana yake ni rahisi: kila chenye harufu, moshi au vumbi (zizi, mboji, jiko la kuni, choo) kiwe magharibi mwa banda. Uwanja wa kuanikia ukae kaskazini au magharibi, mashariki paachwe wazi upepo uingie.

Usijenge chini ya mnazi. Nazi haichagui kichwa. Kaa mita 5 au zaidi kutoka kwenye shina, na mabenchi yafuate sheria hiyohiyo. Chini ya mkorosho kivuli ni kizuri kwa mkeka, lakini msingi uchimbwe nje ya mwavuli wa matawi, kwa sababu mizizi ya mkorosho hutambaa mbali na kukatwa kwake utakuona kwenye mavuno.

Na jua je? Banda lielekee wapi?

Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi kama 56. Desemba linapita kidogo kusini, karibu utosini. Kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na ncha fupi ziwe mashariki na magharibi. Paa likitokeza mita 1 upande wa kaskazini, ukuta unapata kivuli cha mita 1.5 kushuka chini hata mchana wa Juni. Ncha ya magharibi ndiyo adui: jua la saa kumi linaingia chini ya paa lolote. Huko weka stoo ya kukinga jua.

Mwelekeo huo una faida nyingine ambayo ramani za mafundi wa mbali huisahau. Kutoka Mtwara, kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja. Mgeni akitaka kuswali, ukuta wa kaskazini unamwongoza bila kuuliza.

Wageni 24 wanahitaji jengo la ukubwa gani?

Mita 6 kwa 9. Mtu aliyeketi anahitaji mita za mraba 1.5, hivyo 36 kwa wote, na zinazobaki ni za kupita na kugawa chakula. Kuta ziwe za kimo cha mita 1 tu, juu pawe wazi. Mtwara joto lake ni la unyevu. Ukuta mrefu unazuia kitu pekee kinachompoza mtu, yaani upepo wa kupita mwilini.

Udongo wa shambani unafaa kufyatulia tofali?

Mara nyingi ndiyo, lakini upime kwanza. Udongo mwekundu wa uwanda wa Makonde una mchanga mwingi na mfinyanzi kidogo. Udongo mweusi wa mbugani ni kinyume chake, unavimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Wa mbugani usiutumie hata fundi akikuapia. Mchanga wa pwani nao uuache, chumvi yake hutoka ukutani kama unga na kubomoa uso wa tofali.

Ondoa sentimita 30 za juu zenye mizizi na uzirudishe bustanini, ni rutuba hiyo. Chukua udongo wa chini. Jaza chupa ya plastiki inayoonyesha ndani hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, weka chini. Mchanga unatua ndani ya dakika moja au mbili, mfinyanzi unachukua siku nzima. Kesho yake pima kwa rula. Mfinyanzi ukiwa kati ya asilimia 15 na 25 una udongo mzuri. Chini ya hapo tofali linamomonyoka kwenye kona. Changanya na udongo wa kichuguu kilichokufa. Juu ya hapo litapasuka. Ongeza mchanga wa mtoni.

Kipimo cha pili ni cha kusinyaa. Tengeneza kiboksi cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kipake mafuta ya kula ndani, shindilia udongo uliolowa, uache juani siku tatu au kivulini wiki. Usukume wote upande mmoja na upime pengo lililobaki. Likiwa chini ya milimita 15, saruji 1 kwa udongo 18 inaweza kutosha. Milimita 15 hadi 30, tumia 1 kwa 16. Milimita 30 hadi 45, 1 kwa 14. Milimita 45 hadi 60, 1 kwa 12. Likizidi hapo, tafuta udongo mwingine. Kwa mtu anayefyatua kwa mara ya kwanza tunashauri 1 kwa 12 bila kujali kipimo, kwa sababu makosa ya kuchanganya yatameza saruji hiyo ya ziada.

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Uwiano wa 1 kwa 12 ni lita 420 za udongo uliochekechwa, yaani ndoo 21 za lita 20. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji kwa kopo lenye matundu. Finyanga donge, liachie kutoka kimo cha kifua lianguke kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, fyatua. Likibaki zima, maji yamezidi. Likisambaa kama unga, ongeza. Changanya kinachoweza kuisha ndani ya saa moja. Saruji haisubiri watu wamalize chai, na hapa ndipo tofali nyingi za vikundi zinapoharibikia.

Tofali la kufungamana la milimita 300 kwa 150 kwa 100 lina uzito wa kilo 8 na nusu hivi, na mfuko mmoja kwa uwiano huu hutoa kama 68. Mita 1 ya mraba ya ukuta inataka tofali 33. Banda letu, ukitoa milango, lina ukuta wa mita 26 kwa kimo cha mita 1: tofali 858, ongeza za kuvunjika upate 930, saruji mifuko 14. Zipange kivulini, funika kwa majani au turubai, mwagia asubuhi na jioni kwa siku 7, na usijengee kabla ya siku 28. Tofali lililokaushwa juani linaonekana gumu siku ya tatu, na mwaka wa pili unalichimba kwa kidole.

Vipi ukuta wa miti na udongo, kama nyumba zetu za kawaida?

Unafaa kabisa na ni wa bei ndogo, ilimradi uwe na msingi wa mawe unaopanda sentimita 45 juu ya ardhi na paa linalotokeza mita 1. Ukuta wa udongo hauuawi na mvua ya juu, unauawa na matone yanayoruka kutoka chini. Kosa kubwa ni kuupiga lipu ya saruji ili "upendeze". Saruji haishikani na udongo. Unyevu unanaswa nyuma yake, lipu inabanduka kwa mabamba na kuondoka na ukuta. Kandika kwa udongo na mchanga, kisha paka chokaa ya maji mara tatu, nyepesi kama maziwa, na chumvi kidogo ndani ili isitoke mkononi.

Chokaa hiyo inunuliwe dukani. Kuta za Kilwa Kisiwani, zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa yake, na ni kweli zimesimama karne nyingi. Lakini kuchoma matumbawe leo ni kuvunja nyumba ya samaki ili upake ukuta wa mgeni.

Mchwa tutawazuiaje bila oili chafu wala dawa?

Swali hili ndilo linalokula vyeti vya kilimo hai. Fundi wa kawaida ana tabia mbili: kupaka nguzo oili chafu ya gari, na kumwaga dawa ya mchwa kwenye msingi kabla ya kumwaga jamvi (sakafu ya zege). Vyote vinaingia kwenye udongo uliouandikisha kwa kilimo hai. Kwa soko la Umoja wa Ulaya, zao la kudumu kama korosho linahitaji miaka 3 ya mpito kabla ya mavuno kuuzwa kama hai. Eneo likichafuliwa unaweza kuanza kuhesabu upya. Liandike kwenye mkataba wa fundi, halafu uwepo siku ya msingi. Usitume mtu.

Badala yake zuia kwa muundo. Ng'oa visiki na mizizi yote chini ya jengo, maana hicho ndicho chakula kinachowaita. Inua msingi wa mawe sentimita 45. Juu yake laza bati bapa lote kuzunguka, litokeze sentimita 5 nje na ndani, likunjwe kuelekea chini. Bati hili haliui mchwa. Linawalazimisha kujenga njia yao ya udongo mahali unapoiona, nawe unaifagia. Kama hakuna mtu wa kukagua kila mwezi, bati ni pambo tu.

Nguzo za veranda zisigusane na ardhi. Mwaga kiguu cha zege cha kimo cha sentimita 30, chomeka vyuma bapa viwili vya milimita 6, shika nguzo katikati kwa bolti, na uache nafasi ya sentimita 3 hadi 5 chini yake ili maji yapite. Mninga, mkongo na mvule hustahimili. Ulizia mbao za misitu ya vijiji: vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC (cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu) mwaka 2009 kwa kusimamia msitu wa asili, na mti wenye karatasi unamfaa pia mgeni anayeuliza umetoka wapi. Boriti za mikoko bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu usizinunue.

Fito na mianzi ya ndani ya paa inaweza kulowekwa kwenye maji ya boraksi, chumvi ya madini inayozuia wadudu: lita 95 za maji, kilo 3 za boraksi, kilo 2 za asidi ya boriki, siku 7. Boraksi huoshwa na mvua, kwa hiyo ni ya miti iliyo chini ya paa pekee. Mwonyeshe mkaguzi wako wa kilimo hai kabla. Na maji yaliyobaki usiyamwage bustanini, boroni ikizidi inaunguza mimea. Yatumie kulowekea fungu linalofuata mpaka yaishe.

Makuti au bati?

Vyote, kila kimoja kwake. Banda la kukaa liwe la makuti, kwa sababu ya ubaridi na ukimya wakati wa mvua. Jiko, stoo na mahali pa kuchambulia pawe na bati, kwa sababu ya moto na kwa sababu maji ya makuti yana rangi ya chai na hayafai kunywa.

Makuti yanataka mwinamo wa nyuzi 45. Fundi akikushauri 30 ili kupunguza miti, mkatalie: maji yatatembea polepole na kuti litaoza mwaka wa pili. Banda la mita 6 kwa 9 lenye mtokezo wa mita 1 kila upande lina paa la urefu wa mita 11, na mteremko wa mita 5.66 kila upande. Ukipanga safu kila sentimita 12 unapata safu 47. Kuti la sentimita 75, ukiondoa linapolaliana, linafunika 65, kwa hiyo 17 kwa safu. Jumla 1,598 kwa pande mbili, agiza 1,760. Pima kuti la kwenu kabla ya kuagiza, maana kila kijiji kina kipimo chake. Wauzaji wengine hupanga safu kwa sentimita 20 na kukuambia umeokoa makuti. Umenunua paa la miaka miwili.

Kuweka makuti juu ya bati ili kupata uzuri na usalama kwa pamoja kunashawishi. Kuti linashika unyevu, bati linatoboka, panya wanapata nyumba ya ghorofa.

Zungushia banda ukanda wa mita 5 uliopaliliwa mpaka udongo uonekane, hasa Agosti hadi Oktoba watu wanapochoma mashamba. Jiko liwe mita 10 kutoka kwenye makuti.

Huku kuna vimbunga?

Vichache, na vinatosha. Kenneth, Aprili 2019, kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma. Hidaya, Mei 2024, kilileta mvua iliyokata barabara ya Kusini upande wa Kilwa. Paa la bati liwe na mwinamo wa nyuzi 30. Kenchi zifungwe kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta) kwa chuma au waya mnene wa mabati unaoshuka ukutani sentimita 60, si kwa misumari pekee. Jambo linalopuuzwa: paa la veranda lijengwe peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa kubwa. Upepo huingia chini ya veranda kwanza. Ikiruka peke yake umepoteza veranda. Ikiwa imeungana, inaondoka na nyumba.

Maji ya mvua yanatosha kiangazi chote?

Kwa wageni wa kutwa, ndiyo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuseme bati la jiko na stoo linafunika mita 8 kwa 12, yaani mita za mraba 96. Pima eneo la ardhi lililofunikwa na paa, si bati lenyewe kwenye mteremko; wanaopima bati hujikuta na tangi lisilojaa. Kwa mwaka wa mvua haba wa milimita 800, ukiacha asilimia 20 ya kupotea, unapata lita 61,000.

Matumizi: lita 15 kwa mgeni, wageni 24, siku 3 kwa wiki, ni lita 1,080. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba ni wiki 30, sawa na lita 32,400. Matangi matatu ya lita 10,000 yanakaribia kabisa, na wiki mbili za mwisho unabana matumizi. Newala na Tandahimba, ambako maji ya chini ni ya kina sana, tangi la chini ya ardhi uani si jambo geni. Fundi wake muulize huko, anajua kuliko mchoro wowote.

Maji ya kwanza baada ya kiangazi yana vumbi na vinyesi vya ndege. Toa lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani karibu lita 100. Watu hufunga bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 2 na kuamini wamemaliza. Bomba hilo linabeba lita 16 tu. Weka pipa, lenye koki ndogo chini inayodondosha ili lijimwage lenyewe kabla ya mvua nyingine.

Choo gani hakiharibu shamba wala kisima?

Choo kikavu chenye chemba mbili, kila moja ya mita 1 ya ujazo. Kwa wageni tuliowataja na wafanyakazi sita, chemba hujaa kwa mwaka hivi; unaifunga, unahamia ya pili, na ya kwanza inakaa mwaka mzima kabla ya kufunguliwa. Kila anayetumia anamwaga kikombe cha majivu.

Kinachoviua vyoo hivi Pwani ni maji ya kutawadhia. Michoro mingi imechorwa kwa watu wanaotumia karatasi. Hapa mtu anaingia na kopo, maji yanaingia kwenye chemba, majivu yanakuwa uji, harufu na nzi vinafuata, na lawama zinamwangukia mgeni. Jenga sehemu ya tatu: mahali pa kutawadhia, hatua moja kutoka kwenye tundu, sakafu ikiwa na mteremko wa sentimita 2 kwa mita, maji yaende kwenye shimo la kokoto lililopandwa migomba, mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Matundu yaelekee mashariki na magharibi, ili mtu asielekee wala kuipa mgongo kibla.

Mboji ya choo isiende kwenye mazao. Kanuni za Ulaya za kilimo hai haziruhusu. Ipeleke kwenye miti ya mbao, na iandike kwenye daftari la shamba ili mkaguzi aione kabla hajaiuliza.

Mgeni na mkulima wakutanie wapi hasa?

Kwenye meza ya kuchambulia. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji ana magunia ya kumaliza, hawezi kuacha kazi kila gari linapoingia. Muundo umsaidie azungumze huku mikono ikiendelea.

Inua sakafu ya veranda sentimita 50 juu ya uwanja. Ukingoni jenga meza ya urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 90, uso wake ukiwa sentimita 90 kutoka uwanjani. Mchambuaji anasimama uwanjani, meza inamfika kiunoni. Kwa mgeni wa upande wa veranda meza hiyohiyo ina kimo cha sentimita 40, anaketi kwenye mkeka au kigoda cha sentimita 20, na macho yao karibu yanalingana. Uso wa meza uwe wa fito zilizoachiana milimita 5, mchanga udondoke wenyewe. Korosho nzuri zinasukumwa kushoto, zilizosinyaa na zenye madoa kulia. Baada ya dakika kumi mgeni ataanza kusukuma za kwake, atakosea, atasahihishwa. Hakuna bango linalofundisha daraja la kwanza na la pili kwa namna hiyo.

Upande usio na meza weka baraza: kimo sentimita 45, kina 55, ukingo umepinda kidogo ili paja lisikatwe.

Njia za wageni zipite wapi?

Upana wa mita 1.5, zikifuata nafasi kati ya mistari ya mikorosho. Iliyopandwa mita 12 kwa 12 inakuachia nafasi ya kutosha. Ile ya zamani iliyosongamana usiikate kwa ajili ya wageni, pitisha njia pembeni. Toroli la mavuno lisikutane na wageni zaidi ya mara moja, na hapo pawe peupe, watu waonane kutoka mbali. Mchanga wa Kusini unameza magurudumu: tandaza changarawe nyekundu sentimita 10, shindilia, inua katikati. Mizinga ya nyuki iwe mita 50 au zaidi, milango yake ikitazama kwingine.

Tukipulizia salfa, wageni wafanyeje?

Wasiwepo. Salfa dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu unaofanana na unga) hupulizwa mikorosho inapochanua, Juni hadi Septemba, na hurudiwa baada ya wiki mbili au tatu. Kilimo hai kwa kawaida kinaruhusu salfa ya madini, lakini si kila mfuko unaogawiwa una salfa tupu. Soma lebo, mwonyeshe mkaguzi. Vumbi lake linawasha macho na kifua. Upulizaji ni wa alfajiri kabla ya upepo, kwa hiyo siku hiyo funga kipande hicho chote na upokee wageni upande mwingine kuanzia saa 4 asubuhi. Kusi ndio unaovuma majira hayo, na banda lililo mashariki mwa mikorosho liko salama zaidi. Mpange kalenda na jirani asiye wa kilimo hai, maana yeye hupulizia vingine.

Wageni wanaweza kubangua na kununua korosho?

Kubangua, hapana, si kwa mikono mitupu. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, moshi wake unachoma macho. Ukaangaji ufanyike magharibi, mita 10 mbali, na mgeni apewe kazi ya kumenya ganda jembamba la ndani kwa korosho zilizokwisha kubanguliwa. Mabibo wachume na kula pale pale. Yanaharibika ndani ya siku moja, na madoa yake hayatoki nguoni, waambie mapema.

Korosho ghafi usimuuzie mgeni hata kilo moja. Zinapita AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, na kununua kwa bakuli ndiyo kangomba iliyopigwa marufuku. Zilizobanguliwa na kufungashwa ni biashara nyingine; utaratibu wake ulizia Bodi ya Korosho, ofisi zao ziko Mtwara.

Vibali?

Serikali ya kijiji kwanza, kisha kibali cha ujenzi cha halmashauri. Uliza mapema ikiwa mradi wako unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Kwenye ufukwe au ukingo wa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Fedha ni kidogo. Nini kitangulie?

Choo, maji, na meza ya kuchambulia chini ya bati. Mkeka chini ya mkorosho utakuwa banda lako msimu wa kwanza, na kufikia Desemba utajua wageni wanakaa wapi kweli na wanapita wapi. Tofali fyatua kuanzia Juni, mvua zikishaisha. Msingi uwe Julai na paa liwe juu kabla ya Oktoba, kwa sababu korosho zikianza kudondoka hutampata fundi, naye pia ana shamba.